Muvi na tamthilia nilizoangalia karibuni: nataka filamu inayoniamini mtazamaji

Kifodi cha Tengeru (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Baridi imeshika Arusha. Ukifunga kazi jioni unagombania siti kwenye kifodi (daladala ndogo za huku), unafika nyumbani, unajifunika blanketi na kuwasha runinga. Kwa hiyo nimeangalia vitu vingi, na vingine tumevibishania kijiweni sokoni mpaka watu wakachoka. Naviweka hapa na ninyi mchangie. Nitakapofichua mwisho wa hadithi nitatahadharisha kwanza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Napenda filamu inayoniamini. Inanionyesha jambo, inanyamaza, inaniacha nilifikirie mwenyewe. Ile inayonitafunia kila kitu, mhusika analia, muziki nao unalia, halafu anakuja mwenzake kutangaza kwamba fulani ana huzuni, hiyo naizima hata kama imegharimu mamilioni ya dola.

Naanza na Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wanaorudi Mississippi mwaka 1932 wakitokea Chicago na hela za uhuni. Wananunua jengo kuukuu, wanalifanya klabu ya muziki, na usiku uleule wa ufunguzi wanakuja wanyonya damu. Hadithi nzima karibu yote ni siku moja na usiku wake.

Wanyonya damu wenyewe hawakunigusa sana, na mapigano ya mwishoni naona ndiyo sehemu dhaifu. Kilichonishika kiko ndani ya gari, mchana, kabla ya damu yoyote. Mzee Delta Slim, anayechezwa na Delroy Lindo, anasimulia jinsi rafiki yake mwanamuziki alivyouawa na kundi la wazungu. Anasimulia, anasimulia, anafika mahali maneno yanamgomea. Anaanza kuguna. Mguno unageuka kuwa wimbo. Hakuna mtu kwenye lile gari anayegeuka kutueleza kwamba muziki wa blues ulizaliwa hivyo. Umeona kwa macho yako, umesikia kwa masikio yako, gari linaendelea na safari. Niliirudisha nyuma hiyo sehemu mara nyingi.

Ndiyo maana ile sehemu ya klabuni, ambayo kila mtu anaizungumzia, ina nguvu. Kijana Sammie anaimba, na taratibu wanatokea watu wasio wa mwaka ule: wacheza ngoma wa Afrika Magharibi, mpiga gitaa la umeme, DJ na mashine zake. Waliokufa na ambao hawajazaliwa wanacheza kwenye sakafu moja. Bila ule mguno wa Delta Slim, hiyo ingekuwa onyesho la kuvutia tu. Kwa kuwa tulishausikia, tunajua ule muziki unabeba nini.

Ya pili ni Adolescence, tamthilia ya Uingereza iliyotoka Netflix Machi 2025, sehemu nne tu. Mtoto wa miaka 13 anaitwa Jamie, anakamatwa alfajiri akituhumiwa kumuua msichana wa shule yake. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera ikiwashwa haikatwi mpaka mwisho. Mwongozaji ni Philip Barantini. Wengi wanausifu huo ufundi na kuishia hapo. Mimi naona faida yake ni kwamba mtazamaji anakosa pa kukimbilia. Kule kituoni Jamie anavuliwa nguo akaguliwe, na kamera inabaki kwenye uso wa baba yake. Stephen Graham, ambaye pia ni mmoja wa waandishi, hasemi kitu cha maana pale. Anaangalia, anageuza macho, anaangalia tena. Muvi nyingine ingekata na kutupeleka barabarani tupumue.

Sehemu ya tatu ni watu wawili chumbani: Jamie na mwanasaikolojia, na kikombe cha chokoleti ya moto mezani. Karibu saa nzima. Owen Cooper, yule mtoto, alikuwa hajawahi kuigiza kwenye runinga kabla ya hapo, na Septemba 2025 akachukua tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15. Ukimwona anavyobadilika kutoka mtoto anayechekacheka kuwa mtu anayesimama kumtisha mwanamke mzima, halafu anarudi kuwa mtoto, unaelewa kwa nini walimpa.

Squid Game msimu wa tatu, Juni 2025, nitaupitia haraka. Tahadhari, nafichua. Gi-hun anakufa ili mtoto mchanga aishi, na hilo peke yake ni jambo zito. Lakini wamewaweka wale matajiri wenye vinyago wakikaa kwenye makochi na kutueleza kila kinachotokea uwanjani, nani jasiri, nani msaliti. Msimu wa kwanza nao walikuwemo, lakini kwa sehemu kubwa ulituacha tujionee. Huu wa tatu umeajiri watangazaji.

Mufasa, ya Desemba 2024, imeniuma zaidi kwa sababu mwongozaji wake ni Barry Jenkins, yule wa Moonlight iliyochukua Oscar ya filamu bora. Yule bwana anajua kunyamaza kuliko wengi. Sasa wamempa simba wa kompyuta, kila unywele unauona, nyasi kama za Serengeti kabisa. Lakini sura ya simba wa kweli haikunjwi ikaonyesha wivu au aibu, kwa hiyo kila hisia inabidi isemwe au iimbwe. Ndugu wawili wanaachana, jambo ambalo lingetakiwa kunikaba koo, na mimi nasikia maelezo tu.

Halafu chukua Flow, ya 2024, kutoka Latvia. Paka mweusi, mafuriko, mashua, wanyama wachache. Hakuna neno hata moja mwanzo mpaka mwisho. Wanyama wanalia sauti zao wenyewe. Kuna karani tamba humo ndani, yule ndege mrefu tunayemwona akitembea nyikani huku kwetu kama ana haraka ya ofisini, na bila kutamka chochote ndiye mhusika mwenye heshima kuliko wote. Ilichukua Oscar ya katuni bora 2025. Nimeiangalia na watoto wa dada yangu, mdogo wao hajaanza shule, na hakuna aliyeuliza "anasema nini?"

Karibuni tuchangie. Nitarudi na mengine.

Mama Kibosho

Mleta mada, nakushukuru kwa uzi. Nipo Moshi, nina vijana wawili, mmoja umri uleule wa Jamie. Adolescence niliiangalia peke yangu kwanza, halafu nikaiangalia na mume wangu.

Mimi kuna kitu kinanisumbua. Yule binti aliyeuawa, Katie, hatumjui. Tunamwona kwenye picha tu. Tunalia na baba wa muuaji, tunalia na mama wa muuaji, dada yake muuaji tunamhurumia. Mama wa Katie yuko wapi? Wewe unasema filamu inayonyamaza ni nzuri. Kuna kunyamaza kwingine kunamzika mtu mara ya pili. Nilitaka nione angalau jiko la kwao, kiti chake kikiwa kitupu.

Sisemi ni mbaya. Mume wangu hakuongea mpaka kesho yake, halafu akanunua mpira akaenda kucheza na vijana, kitu ambacho hajafanya muda mrefu. Ila hilo la Katie nimeshindwa kulimeza.

Kifodi cha Tengeru

Mama yangu, shikamoo, na asante. Hoja yako ni nzito na watunzi wenyewe nadhani waliiona, maana sehemu ya pili, kule shuleni, yule askari wa kike anamwambia mwenzake jambo hilohilo: kwamba mtu anayeua ndiye anayekumbukwa, na Katie atasahaulika. Kwa hiyo wanajua. Swali lako linabaki palepale, kwamba kujua na kusema kwa sentensi moja kunatosha? Kwangu mimi, pale ndipo tamthilia ilipotutafunia badala ya kutuonyesha. Jiko la kwao na kiti kitupu lingekuwa bora kuliko ile sentensi. Nakubaliana nawe.

Nitakachoitetea ni wale wazazi. Tahadhari kwa ambao hawajafika sehemu ya nne. Baba alipigwa sana na baba yake utotoni, akaapa hatampiga mwanawe, na hakumpiga. Mtoto alikuwa chumbani kwake na kompyuta, taa inawaka mpaka usiku, na wazazi wakaona yuko salama kwa kuwa yuko ndani. Hakuna ulevi, hakuna mama wa kambo mkorofi. Tamthilia za kwetu zingetafuta mkosaji mmoja zikamfunga mwishoni. Hii inamwacha baba kitandani kwa mwanawe, anafunika mdoli kwa shuka, na wewe unabaki na watoto wako mwenyewe kichwani. Mumeo kununua mpira, hiyo ndiyo kazi ya filamu niliyokuwa naisema.

Mchora Katuni Sakina

Hapo kwenye Flow umenigusa, kaka. Mimi nachora na kutengeneza katuni za kompyuta hapa Arusha, kazi nyingi ni matangazo ya biashara.

Nataka watu wajue kitu kimoja. Flow imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure, ileile niliyonayo mimi kwenye kompyuta yangu. Baada ya Oscar watu wakaanza kunitumia ujumbe: "Si unaona, na wewe tengeneza." Programu ni bure, muda si bure. Gints Zilbalodis na wenzake walikaa nayo zaidi ya miaka mitano, na bajeti ilikuwa kama yuro milioni tatu na nusu. Kwa Marekani hiyo ni hela ndogo mno. Kwa studio ya kwetu ni hela ambayo hakuna mtu atakupa.

Lakini kinachonipa moyo ni jinsi alivyofanya kazi. Hakuchora kwanza picha za kila tukio kwenye karatasi kama studio kubwa zinavyofanya. Alijenga mazingira kwanza, halafu akaingia na kamera ndani yake kutafuta pa kusimama, kama mtu wa filamu za kawaida. Ndiyo maana ile kamera inamfuata paka kwa muda mrefu bila kukata. Na manyoya yake ukiyaangalia vizuri hayana ule ukamilifu wa Mufasa. Yamepakwapakwa kama rangi ya brashi. Jicho lako linamalizia lenyewe. Hiyo hoja yako ya kuaminiwa iko mpaka kwenye manyoya.

Shabiki wa Jua Kali

Naona mnakimbilia vya nje tu. Mleta mada umesema tamthilia za kwetu zingetafuta mkosaji zikamfunga. Unaangalia zipi? Mwongozaji Lamata na tamthilia yake ya Jua Kali amefanya watu wakae nyumbani kusubiri. Mama zetu, dada zetu, wafanyakazi wa saluni, wote wanaifuata. Hao si watazamaji?

Na hilo la kueleza sana kwa maneno lina sababu, mkuu. Tamthilia ya king'amuzi haiangaliwi gizani kwa utulivu. Mtu anapika, anasuka, anahudumia mteja. Mgongo umegeukia runinga. Akikosa picha, sikio lazima limpe habari. Ukimwekea uso wa baba dakika nzima bila maneno atadhani umeme umeleta shida. Mwandishi wa tamthilia ya kila siku anaandika kwa ajili ya mtu aliye na shughuli. Huo ni ujuzi wake, na si ujinga.

Kifodi cha Tengeru

Mkuu, umenipa hoja bora kuliko nilizosikia kijiweni, na naipokea. Tamthilia ya kila siku ni kazi ya sikio, kweli, na ndiyo maana inafanana na redio ya zamani. Anayeweza kuandika sehemu mia na zaidi na watu wakabaki naye ana kipaji, hilo sipingi.

Ugomvi wangu ni pale ambapo tabia hiyo ya runinga inahamia kwenye filamu. Unalipa kiingilio, umekaa gizani, huna sufuria jikoni, na bado mhusika anaingia mlangoni na kutangaza "nimerudi kutoka kazini na nimechoka kwa sababu bosi hanipendi." Halafu gitaa la huzuni linapigwa mwanzo mpaka mwisho. Pale hakuna kisingizio.

Na tunaweza. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021. Wengi hapa tuliisoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na cha sita, tena kwa kukariri dhamira ili tufaulu. Filamu ikachagua kutotuhesabia dhamira. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin ametoroka ndoa ya mzee, Denge anapigania uhuru. Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika wanaongea kidogo mno kuliko kwenye kitabu. Mapenzi yao unayaona kwenye umbali kati ya mabega yao, kwenye nani anamwangalia nani mwenzake akiwa amegeuka. Na Siti Amina akiimba taarabu kwenye nafasi ya Mwajuma, wimbo unafanya kazi ambayo kurasa nzima za kitabu zilikuwa zinafanya.

Ina kasoro. Kuna mahali siasa inapita haraka sana, na mtu asiyejua historia ya Zanzibar ataachwa njiani. Lakini ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa imefanya mara moja tu kabla ya hapo. Binti ya Seko Shamte nayo, wanawake wanne, hadithi nne zinazogusana. Ile ya mwanamke anayetafuta mtoto imekaa na maumivu bila kuyapigia kelele. Hizo ni filamu zetu, kwa lugha yetu, na zinatuheshimu.

Mkongwe wa Ngarenaro

Vijana, nimewasoma kwa makini. Mimi nimeanza kuangalia sinema enzi za Metropole pale Sokoine, kabla hamjazaliwa wengi wenu.

Nina maneno mawili. La kwanza, mnaongelea kunyamaza kana kwamba ndiyo heshima ya mtazamaji. Sisi vibanda umiza vilitulea na mkalimani. Lufufu anaingiza sauti yake juu ya Wachina na Wahindi, anatia maneno yake, anakupa na sababu ya ugomvi ambayo hata kwenye filamu haimo. Kibanda kizima kinacheka pamoja. Sikuwahi kuona nadharauliwa.

La pili, Arusha yetu imepigwa picha tangu zamani. Hatari! ya John Wayne ilipigwa huku, ikatoka 1962. Marehemu baba yangu alipata kibarua Momella wakati ule. Faru wa kweli, twiga wa kweli, waigizaji wenyewe juu ya magari wakifukuza. Mmoja wao, Hardy Krüger, Mjerumani, alipapenda akanunua shamba hukohuko. Baba alikuwa akisimulia mpaka tunalala. Lakini mkiitafuta leo muangalie Waafrika wako wapi. Wako pembeni, wameshika kamba.

Kifodi cha Tengeru

Mzee wangu, shikamoo. Umenipa raha.

Kuhusu Lufufu nakubali moja kwa moja. Yule alikuwa msimuliaji, na filamu ilikuwa ngoma yake ya kuchezea. Mtu aliingia kibandani kumsikia yeye. Huo ni mkataba wa wazi kati yake na watu. Ninachoomba ni kwamba kazi zingine ziachwe kama zilivyo. Nimekutana na Adolescence iliyotiwa sauti ya kutafsiri, na pale kwenye uso wa baba, mtafsiri akajaza maneno kwa kuwa ukimya ulimtisha. Ile sehemu ikafa palepale.

Kuhusu Hatari!, niliitafuta. Mlima Meru uko nyuma unaonekana vizuri kabisa, na nikajikuta naacha kufuatilia hadithi, natafuta sura. Nyuma ya gari, pembeni ya fremu, yuko kijana ameshika kamba, anaonekana sekunde chache. Ningetaka kujua habari zake kuliko za John Wayne. Royal Tour ya 2022 nayo, ile ya kutangaza utalii ambayo Rais Samia mwenyewe ndiye mwongoza wageni, ilipozinduliwa hapa kwenye ukumbi wa AICC mji ulifurahi na wageni wameongezeka, na mimi nilifurahi kwa ajili ya ndugu zangu wanaoishi kwa utalii. Lakini bado kaskazini yetu kwenye skrini ni wanyama, mlima na machweo. Watu wake tunaonekana tukipita.

Kibo na Mawenzi

Basi mleta mada hujaiona The Empty Grave? Mimi ni wa Old Moshi. Kama unatafuta watu wa kaskazini kwenye skrini, anza hapo, halafu njoo utuambie.

Kifodi cha Tengeru

Nimeiona, ndugu yangu, na nilikuwa naiogopa kuiandikia. Acha niandike.

The Empty Grave ni filamu ya matukio ya kweli ya 2024. Waongozaji ni wanawake wawili, Cece Mlay wa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin. Inafuata familia mbili. Kusini ni John Mbano, mwanasheria kijana, na mkewe Cesilia Mollel, wanamtafuta babu yao Nduna (kiongozi wa kivita wa Wangoni) Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Mwili ulizikwa bila kichwa. Kaskazini ni ukoo wa Kaaya, huku kwetu Meru, wanamtafuta Mangi (yaani chifu) Lobulu, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900.

Kwa wasioijua historia yetu: tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walinyonga watu 19 pale Old Moshi, Mangi Meli wa Wachagga akiwemo, pamoja na viongozi wa Meru na Arusha. Vichwa vya watu waliouawa katika miaka ile vilisafirishwa kwenda Ujerumani, vikapimwa na kuandikwa namba na wanasayansi waliotaka kuthibitisha kwamba mzungu ni bora. Shule nilifundishwa Majimaji kwa kina. Kuhusu Lobulu nilisikia nyumbani, nusunusu, kutoka kwa wazee.

Sisi Wameru tunazika nyumbani. Kaburi liko migombani, hatua chache kutoka mlangoni. Unapita asubuhi ukienda kukata majani ya ng'ombe, unapita jioni. Aliyekufa bado ni wa boma lile. Sasa fikiria boma ambalo mkubwa wake hayupo migombani, yuko kwenye boksi la kadibodi kwenye stoo ya makumbusho, ana namba. Filamu haikunieleza hili. Ilinionyesha wazee wameketi nyumbani kwao wakizungumza taratibu kuhusu babu yao, na migomba nyuma yao, na nikajua wao wanajua, na kwamba wametuamini watu wa huku tutaelewa. Mtazamaji wa Berlin labda aliona mandhari ya kijani. Mimi niliona mahali ambapo kaburi lilitakiwa kuwa.

Kuna sehemu ya Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha. Kwenye taarifa ya habari ile ilikuwa dakika moja na makofi. Kwenye filamu unakaa na familia baada ya hotuba, kofia zimevaliwa, magari yameondoka. Msamaha umeombwa. Babu bado hajarudi. Nilimwangalia John na sikujua kama amefurahi, na nadhani na yeye alikuwa na yote mawili kwa pamoja. Filamu mbaya ingemuuliza "unajisikiaje?"

Na nimpongeze sana Cesilia. Yeye ameolewa katika ukoo ule, babu si wake wa damu, na anabeba ile kazi kama yake. Ni mwalimu. Anavyosimama na mumewe kule ugenini mbele ya wakubwa, bila kupandisha sauti, ni nguvu niliyoizoea kwa mama zetu ila sijaizoea kuiona kwenye skrini.

Kwa ndugu wa Old Moshi: najua ninyi mlipata habari nyingine Septemba 2023, makumbusho ya Berlin yalipotangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro, moja likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo.

Tamasha lilelile la Berlin, mwaka uleule, tuzo kubwa ilikwenda kwa Dahomey ya Mati Diop. Hiyo ni vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa na Wafaransa, vikarudishwa Benin Novemba 2021. Diop akaipa sauti sanamu moja, ya mfalme Ghezo, inaongea Kifon gizani ndani ya kreti, inalalamika kwamba imeitwa namba 26. Baadaye wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana: vitu 26 kati ya maelfu, tushangilie au tukasirike? Hakuna anayewatuliza. Ni ya saa moja na dakika chache tu, na nimeikumbuka kuliko muvi za saa tatu. Ukiziangalia hizi mbili wiki moja, moja ya vitu na nyingine ya mifupa, utalala umechelewa.

Kibo na Mawenzi

Asante, kaka. Mti alionyongewa Mangi Meli tumekua tukionyeshwa. Watoto wangu niliwapeleka, wakaniuliza kichwa kiko wapi, nikawaambia hatujui. Wakauliza tena: "Kwa nini hatuendi kuchukua?" Sasa nitawaonyesha hii filamu, kuna watu wamekwenda.

Swali langu ni kama inafaa kwa mtoto wa miaka kumi.

Kifodi cha Tengeru

Inafaa, ndugu yangu, kama utakaa naye. Kuna kuzungumzia mafuvu na kunyongwa, lakini hakuna kitu kimewekwa ili kutisha. Utasimamisha mara kwa mara kumjibu maswali, na ni vizuri iwe hivyo. Sinners usimpe, ile ni ya watu wazima, ina damu na mambo ya chumbani. Flow mpe leo hii.

Mama Kibosho

Mleta mada, na Adolescence kwa kijana wa miaka 13? Baba yake anataka waangalie wote, mimi nasita.

Kifodi cha Tengeru

Mama, kwa maoni yangu aangalie, ila msikae naye kama hakimu. Sehemu ya pili yule mtoto wa askari ndiye anayemfundisha baba yake maana ya zile alama na vikatuni ambavyo vijana wanatumiana kwenye simu, maana baba hakuelewa kitu. Ukifika hapo simamisha, muulize wako, na yeye akufundishe. Mwache aongee mpaka amalize.

Mimi wiki hii natafuta My Father's Shadow ya Akinola Davies Jr., ya 2025, filamu ya kwanza ya Nigeria kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Baba na wanawe wawili, siku moja Lagos, wakati wa uchaguzi wa 1993. Mwenye kujua inapopatikana kihalali aseme hapa. Na Mkongwe wa Ngarenaro, mzee wangu, kama yale masimulizi ya baba yako ya Momella unayakumbuka, yaandikie uzi wake. Mimi nitakuwa wa kwanza kusoma.